Masika Niliyongoja Kijiji Kianguke

Juzi nilikuwa napita pembezoni mwa mtaa wa Izia, Sumbawanga, pale nyumba za mji zinapokoma na mashamba yanapoanza, nikamkuta mama mmoja anavunja matuta. Si matuta ya mstari kama ya viazi. Ni yale ya mviringo tunayoyaita ntumba, ambayo Mfipa huyapanga shambani mvua zikiwa bado nyingi: unakata nyasi, unazikusanya, unazifunika kwa udongo, unapanda maharage juu yake, na huko ndani nyasi zinaoza taratibu hadi zinakuwa mbolea ya msimu unaofuata. Mama yule alipiga jembe, tuta likafunguka, harufu ikapanda. Ni harufu nzito, tamu kidogo, kama ya majani ya chai yaliyosahaulika ndani ya birika. Nikasimama. Akaniuliza kama nimepotea njia.

"Hapana, mama. Nanusa tu."

"Haya, nusa," akasema. "Ya kunusa haina bei."

Mimi ni mtu wa kutembea. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimelala Laela, Tunduma, Mpanda, na vijiji ambavyo hata wenyeji wake hawakubaliani jina. Nimepika, nimefagia gesti, nimepakia mahindi. Harufu nyingi zimenipita bila kunigusa. Hiyo moja ikishanikamata hainiachi, kwa sababu ilikuwa hewani masika ile nilipokuwa mtoto, niliposadiki kwa moyo wote kwamba Mungu atakitupa kijiji chetu bondeni.

Kijiji kilikuwa ukingoni kabisa, pale nchi ya Ufipa inapokatika ghafla. Ukisimama nyuma ya kanisa asubuhi, unaliona bonde lote chini, Ziwa Rukwa limelala mbali kama bati jipya, na Mtowisa na vijiji vya jirani yake ni vijimoshi vyembamba tu. Tai walikuwa wakiruka chini yetu. Watoto wa kwingine huinua macho wakaona tumbo la tai. Sisi tulikua tukiutazama mgongo wake.

Nadhani jambo hilo lilituharibu. Ukizoea kumtazama tai kwa juu, binadamu anayetembea huko chini unamwona kama nini? Watu wa bondeni walipopanda kuuza samaki na mchele, walitetemeka kwa baridi yetu, nasi watoto tuliovaa masweta tuliwaiga wanavyotetemeka. Wakubwa hawakutukanya. Walisema watu wa bondeni hawajui kulima, hawajui tuta, wanamwaga mbegu kwenye tope kisha wanaomba maji yawaonee huruma.

Baba yangu alikuwa bingwa wa maneno hayo. Matuta yake yalisimama shambani kwa mistari ambayo watu walikuja kuitazama, na alipoitisha kazi ya ujima hakuna aliyekosa, kwa kuwa pombe ya ulezi ya mama ilisifika mpaka vijiji vya jirani. Katikati ya shamba letu lilisimama tanuru la udongo, refu kumzidi yeye, limepasuka upande mmoja, ambalo wazee wa kale waliyeyushia chuma. Mgeni akija, baba alimpeleka pale kabla hajampa kiti.

"Wenzetu walikuwa wanachokoa ardhi kwa vijiti," alimwambia, "sisi tunafua majembe."

Siku moja nilimuuliza waliolijenga tanuru wako wapi.

"Ndio sisi."

"Sasa mbona majembe tunanunua Sumbawanga, dukani kwa akina Salumu?"

Akaniambia nikawatafute mbuzi. Mbuzi walikuwa humo humo ndani ya tanuru, ndimo walimozalia.

Dada yangu aliitwa Skola. Yeye ndiye wa kwanza na mimi wa mwisho. Waliopita katikati hawakukaa duniani. Ndiye aliyenibeba, ndiye aliyenifundisha kufunga kamba, na kijiji kizima kilimwita baba kwa jina lake: Baba Skola. Kisha akampenda Lazaro, kijana wa bondeni aliyepanda na mchele siku za soko, mtu mpole mwenye meno mazuri. Baba alikataa posa. Skola akateremka mwenyewe, mchana kweupe, na kanga zake kichwani. Jioni ile baba aliwaambia majirani kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni Baba Oresta. Oresta ni mimi. Nilitembea kijijini nimeinua kidevu kwa kupewa cheo, na sikuelewa kwa nini mama, kila nikiitikia, alikuwa akitazama pembeni. Yeye mwenyewe hakukubali kubadilishwa jina. Alibaki Mama Skola, na wanawake wenzake walimwita hivyo kwa sauti kubwa baba akiwa karibu.

Ndipo ikaja masika ile. Mvua haikuwa na adabu. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika kidogo kama mtu anayebadilisha mkono wa kubebea mzigo, ikanyesha tena. Kwetu juu maji yalikimbilia korongoni yakatuacha salama, na nyasi zikawa ndefu hata matuta ya mwaka ule yakawa manene kuliko yote. Lakini maji yanayokimbia kwetu yanakwenda mahali. Asubuhi moja tulisimama nyuma ya kanisa, tukaliona ziwa limesogea. Pale palipokuwa na vijimoshi palikuwa na bati tu.

Kisha watu wakaanza kupanda.

Walipanda njia ya miguu kwa mstari, na magodoro vichwani, na kuku, na wazee waliobebwa mgongoni. Sisi watoto tulikaa ukingoni tukining'iniza miguu. Filbeti, mtoto wa jirani, ndiye aliyeanza.

"Vyura wanapanda!"

Tukapokea wote. "Vyura! Vyura wamechoka kuogelea!"

Mwanamke mmoja chini alisimama, akainua uso, akatutazama. Alikuwa mbali, sikuona macho yake. Niliona tu uso umegeuzwa juu, umelowa, halafu ukainama ukaendelea kupanda.

Mchana ule wakubwa wakakutana uwanjani pa kanisa. Ilikuwa imesemekana kuna kuhara bondeni, kuhara kunakoua, na uoga ule sikuulaumu wakati huo wala siulaumu sasa. Wengine walitaka watu wakaribishwe kwenye banda la shule, wachemshiwe maji. Baba akasimama.

"Nani anajua nani anao ugonjwa na nani hana? Ukipitisha mmoja umepitisha wote. Tuweke sheria moja. Bila ndugu, bila shemeji."

Mama Edita, jirani yetu, akasema, "Mimi mdogo wangu yuko chini kule."

"Hata mimi nina mtu chini," baba akajibu.

Watu wakampigia makofi. Walisema huyo ndiye mwanamume, anahukumu bila upendeleo. Nami niliyekuwa nimekaa kwenye mzizi wa mti nilipiga makofi na wengine. Vijana wakaburuta gogo la mwiba wakalilaza juu ya njia inapoingilia kijijini, na mjomba Zakaria, mdogo wake mama, akawekwa zamu ya kulinda. Watu wa bondeni walirudishwa kwenye mawe ya katikati ya mlima, pale wapagazi hupumzikia, wakajisitiri chini ya majabali. Ila ng'ombe wao walipitishwa. Waliuzwa pale pale kwenye gogo kwa bei aliyotaka mnunuzi, wakaingia kijijini wakilia, na hakuna aliyeuliza kama nao wanaharisha.

Jumapili ikafika. Padri wetu alikuja mara chache, barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote ibada iliongozwa na katekista, Mwalimu Gervasi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo na koti moja. Alifungua Maandiko, akasoma polepole kuliko kawaida. Alisoma habari za taifa liitwalo Edomu, lililojenga juu kwenye majabali na kujiambia moyoni kwamba hakuna wa kulishusha. Mungu akaliambia kwamba hata likiweka kiota chake juu na tai, hata kikiwa kati ya nyota, atalitoa huko. Na kosa lake lilikuwa hili: siku ndugu yake alipopatwa na msiba, Edomu alisimama kando akatazama, akafurahi, akachukua mali yake, akasimama kwenye njia ili kuwazuia waliokuwa wanakimbia.

Akafunga. Hakuhubiri. Akasema tusimame tusali.

Nje baba alimfuata. Niliwasikia maana nilikuwa nimeshika koti la baba.

"Mwalimu, lile ndilo somo la leo?"

"Si la leo."

"Kalenda inasemaje?"

"Kalenda inasema lingine."

"Sasa umesoma nini?"

"Nimesoma kile ninachokiona dirishani, Baba Oresta." Dirisha la kanisa, upande wa altare, lilitazama njia na gogo lake.

"Padri atasikia habari hizi."

"Akija atasikia," akasema Mwalimu, akavuta koti lake kifuani kwa baridi, akaenda zake.

Mtoto husikia kwa masikio mengine. Wakubwa walisikia wanatukanwa. Mimi nilisikia tangazo. Juu kwenye majabali: ndiko tulikokaa. Tai: tuliwaona migongo. Ndugu mwenye msiba: chini kule. Kusimama njiani: mjomba Zakaria. Nilimvuta mama kanga.

"Mama, Edomu ndio sisi?"

"Nyamaza. Ni watu wa zamani."

"Walikaa juu kama sisi?"

"Oresta, nimesema nyamaza."

Hakusema hapana. Na tanuru la shambani, ambalo siku zote nilijiuliza lilikuwa la nani, sasa likapata maelezo: lilikuwa mnara wa wenyeji waliotutangulia, ambao Mungu aliwaangusha, na sisi tumepewa zamu.

Sikuogopa moto wala mawe ya kutoka mbinguni. Nilijua jinsi itakavyokuwa. Nyuma ya kanisa, mvua ilikuwa imepasua ardhi, ufa mwembamba sambamba na ukingo. Nililaza bua la mahindi juu ya ufa kama daraja, nikawa nalitazama kila nikitumwa maji. Siku moja nikakuta limetumbukia. Kwangu huo ulikuwa mwisho wa mjadala. Kijiji kingemenyeka kama ganda kutoka mlimani, na kanisa, na nyumba, na baba. Nilimhamisha kuku wangu na vifaranga nikamfunga kwenye tanuru, upande wa mbali na bonde. Filbeti akaniona.

"Unafanya nini?"

"Tutaanguka. Mwalimu amesoma."

Akawaita wenzake. "Njooni muone, Oresta amekuwa nabii! Nabii, nabii, kesho mama atapika nini?"

Walinifuata hadi nyumbani wakiimba hivyo. Ndipo nikaamua. Kama juu panaanguka, mahali salama ni chini, na chini nina dada. Nilivaa sweta, nikafunga kipande cha ugali wa ulezi kwenye jani la mgomba, nikaenda kwenye gogo. Mjomba Zakaria alikuwa anabishana na mtu juu ya fahali. Nilikuwa mdogo, miiba haikunifikia. Nikapita chini yake.

Njia ya mlima ule inavunja magoti ya watu wazima. Mimi niliishuka kwa makalio, nikishika nyasi. Kadiri nilivyoshuka hewa ilizidi kuwa nzito na ya joto, nikavua sweta. Kisha nikasikia watu wakikohoa, nikaona moshi unaotoka chini ya majabali, na nguo zimeanikwa zisizokauka. Walinitazama napita kama wanavyomtazama mpita njia yeyote. Hakuna aliyenitukana.

Skola alikuwa ameketi kwenye jiwe, amekonda, ana mtoto mgongoni. Sikujua kama ana mtoto. Lazaro alikuwa amebaki chini kuokoa ndama.

"Oresta! Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja kukaa kwako."

"Kwangu wapi?"

"Bondeni. Kijiji chetu kitaanguka. Imesomwa kanisani, na ardhi imeshapasuka."

Akacheka, kicheko chake kile kile cha zamani, ila kilikatika katikati.

"Mdogo wangu, huku ndiko kulikokwisha kuanguka. Sisi ndio tunapanda."

Nikampa ugali. Akamega kidogo akamwekea mtoto mdomoni, mtoto hakuufunga mdomo wala hakumeza. Nilimgusa shavu. Alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni.

"Anaitwa nani?"

"Kalisto."

Hilo ndilo jina la ubatizo la baba yetu.

Baba aliapa siku Skola anaondoka kwamba mguu wake hautakanyaga njia ile tena. Siku ile aliikanyaga. Nilimsikia kabla sijamwona, mawe yakiporomoka, akiniita. Alitokea kwenye kona ana tope hadi kiunoni, na watu wote waliokuwa chini ya majabali wakasimama. Walimjua ni nani. Mzee mmoja wa bondeni, aliyejifunika gunia, akasogea kando kwenye jiwe lake akalifuta kwa kiganja.

"Karibu, mzee. Kaa upumzike."

Baba hakukaa. Skola alikwisha kupiga goti.

"Shikamoo, baba."

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimeona watu waliokatana mapanga, na bado watoto wao wakiamkia, wanaitikiwa. Ni kitu kinachotoka chenyewe, kama kupiga chafya. Baba alifungua mdomo. Niliona. Kisha akaufunga, akaniinamia mimi.

"Panda mgongoni. Twende."

Nilikuwa mkubwa wa kubebwa, lakini alinibeba mlima wote ule. Kifua changu kilikuwa mgongoni kwake, nikasikia moyo wake unavyogonga, nikadhani ni kwa sababu ya uzito wangu. Skola alitufuata nyuma, hatua chache. Nadhani aliona jinsi baba alivyonibeba, akafikiri kwamba mtu aliyekwisha kuteremka mlima ameteremsha na moyo wake.

Kwenye gogo, mjomba Zakaria alituinulia tukapita. Hakulishusha. Aliliacha juu ya bega lake, miiba inamchoma, akimtazama Skola.

"Baba Oresta, na huyu?"

Watu walikuwa wamekusanyika. Mama alikuja anakimbia, ana bakuli la uji. Naapa kwamba kama baba asingesema chochote, Skola angepita. Zakaria alikuwa anangoja kimya tu, kimya kingetosha. Lakini pembeni alisimama Mama Edita. Mdogo wake alikuwa amerudishwa pale siku iliyotangulia, kwa amri ya baba. Mama Edita alimtazama baba tu, mikono ameifunga kifuani, anangoja kuona.

Baba hakugeuka nyuma.

"Sheria ni moja," akasema.

Gogo likashuka polepole. Mama akapitisha uji juu ya miiba, mkono ukachanika, baba hakumzuia. Skola akaunywa uji nusu, akajaribu kumnywesha mtoto, ukamtoka. Akarudisha bakuli.

"Mama, siwezi kukaa hapa mlangoni kama mbuzi," akasema, akateremka.

Siku chache baadaye tulikuwa shambani, kazi ya ujima, watu wengi, majembe yanakwenda pamoja. Mvua ilikuwa imesimama. Sauti hupanda vizuri kwenye mlima ule hewa ikitulia. Tulisikia kutoka kwenye majabali wanawake wanaanza kulia, kisha kulia kule kukageuka kuwa wimbo wa msiba. Majembe yote yakasimama, isipokuwa la baba. Mama alitupa lake, akaketi chini kwenye udongo uliolowa, akajifunika kanga kichwani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mwalimu Gervasi alitoka shambani kwake na jembe begani na chupa ya maji ya baraka. Walimwambia kwenye gogo kwamba akivuka haruhusiwi kurudi mpaka ugonjwa uishe. Akavuka. Alimzika Kalisto mdogo pale pale kati ya mawe, kwa kuwa bondeni ardhi ilikuwa maji na juu ardhi ilikuwa imefungwa. Akabaki nao.

Baba alilima hadi saa ya kuachia kazi. Watu walipokuwa wanajitwisha majembe, niliona wanatazama shamba kisha wanatazamana. Matuta aliyopanga yeye siku ile yalikwenda mshazari, moja huku, moja kule, kama mtu amemwaga viazi. Walikunywa pombe kidogo, wakaaga mapema.

Nami nikaendelea kungoja. Ziwa lilirudi nyuma. Watu wa bondeni waliteremka, Skola pamoja nao, wakaanza upya kwenye tope. Gogo likaondolewa, likapasuliwa kuni. Kijiji hakikuanguka. Zaidi ya hapo, maharage yalizaa mwaka ule kuliko mwaka wowote, na msimu uliofuata ulezi ukajaza vihenge. Watu walimwita baba mtu mwenye busara. Walimchagua awe mwenyekiti. Padri alipofika, wazee walimweleza mambo ya kalenda, na Mwalimu Gervasi akapumzishwa kusoma. Nikamfuata kwake. Alikuwa anachonga mpini.

"Mwalimu, mbona hatujaanguka?"

"Ulitaka tuanguke?"

"Hapana."

"Basi shukuru." Akachonga, akachonga. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nenda kamtazame baba yako anavyokula."

Nilikwenda nikamtazama. Alikula ameupa mlango mgongo, haraka, kama mtu anayeogopa mgeni atatokea. Zamani alikuwa anakula mlangoni, akimwita kila anayepita. Nilimtazama jioni ile, na jioni nyingine, na hakubadilika tena. Nyumba ikawa na watu watatu wasioongea. Mama alimpikia, akamfulia, basi. Nafikiri ndiyo sababu nilipanda lori la mahindi kwenda Laela kabla sijamaliza darasa la tano, na ndiyo sababu nikikaa mahali nyumba ikaanza kunyamaza, nafunga begi.

Gesti moja niliyokuwa nafagia, mgeni aliacha Maandiko mvunguni mwa kitanda, nikayachukua. Nikawasoma manabii wote, kwa tabu, wiki kwa wiki. Nilikuta Edomu si peke yake. Tiro yumo na meli zake, Ninawi na kuta zake, Babeli, Misri, Moabu. Kitu kilichonishangaza ni kwamba karibu wote waliambiwa habari zao wakati wameshiba. Hukumu haikuwakuta na njaa, iliwakuta kwenye mavuno. Na nikakuta jambo jingine ambalo hakuna aliyewahi kunisomea: nabii mmoja, anatangaza maangamizi ya Moabu, taifa lenye kiburi lililowatesa watu wake, na katikati ya kutangaza anakiri kwamba moyo wake unamlilia. Anamhukumu na analia. Sikuelewa mtu anawezaje. Niliweka alama ya ukucha pale.

Baba alikufa masika iliyopita. Nilikuwepo. Macho yalikuwa yamekwisha, alilala ameelekea ukuta. Mama alikwisha kutangulia. Hakumtaja Skola, na mimi sikumtaja, maana kila nilipojaribu alijifanya amelala. Jambo moja tu aliniuliza, siku ya mwisho.

"Bondeni kunanyesha?"

"Kunanyesha, baba."

Tulimzika. Barabara ya Mtowisa ilikuwa imekatika na mtandao umekatika, na hata ungekuwepo, habari ile si ya simu. Baada ya mazishi nikateremka kwa miguu.

Nilimkuta Skola ukumbini anapepeta mchele. Amezeeka, amefanana na mama. Watoto wake wengine ni wakubwa, wawili wana nyumba zao. Aliitazama miguu yangu yenye tope akajua.

"Lini?"

"Juzi. Tumekwisha zika."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama bondeni kunanyesha."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Aliendelea kupepeta kidogo, mikono ikijifanyia. Kisha akaweka ungo chini, akashika kichwa, akapiga ukelele uliotoka mahali sijawahi kusikia sauti inatoka. Alimlilia baba kama watoto waliopendwa wanavyolia. Alimtaja kwa majina yake yote, hata lile la Baba Skola alilojivua. Mimi niliyekaa naye hadi dakika ya mwisho sikuwa nimelia hivyo.

Majirani wakaja, kama ilivyo desturi, wakatandika mikeka. Wengi walikuwa vijana wasiojua. Mwisho akaja mwanamke mmoja mtu mzima, anatembea kwa fimbo, akasimama mlangoni mvua inamnyeshea mgongoni.

"Nani amefariki, Mama Kalisto?"

"Baba yangu."

"Yule wa juu? Wa kwenye gogo?"

"Ndiye huyo."

Mwanamke akabaki amesimama. Mvua ikasikika juu ya bati.

"Mama yangu yuko kwenye mawe yale," akasema. "Alituzuia."

"Alituzuia," Skola akaitikia. "Na mimi alinizuia."

Hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza. Nilidhani ataondoka, na ningemwelewa. Akaangalia nyuma, kule mlima ulikokuwa umefunikwa na mawingu. Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akavua ndala zake, akaja akaketi kwenye mkeka ubavuni kwa dada yangu, akanyoosha miguu, na wimbo wa msiba akauanzisha yeye.